Ufalme Nisiouomba

Anayefungua duka la steshenari Tukuyu hujiandaa kwa mambo matatu: mvua, umeme kukatika, na mteja anayetaka barua ya kazi ichapwe, iprintiwe na iskaniwe huku Kosta yake ya Mbeya inapiga honi nje. Hakuna anayekuandaa kwa ufalme.

Mimi nilitawazwa mwezi wa nne, majira ambayo mvua ya Rungwe hainyeshi, inahamia. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nina hakika nusu yake huangukia paa langu. Siku hiyo mama mmoja alikaa pembeni yangu akinisomea malalamiko yake kwa mtendaji wa kata: jirani amesogeza migomba, sasa inaota upande wa mama huyu. Nimefika kwenye “YAH: MPAKA WA SHAMBA”, ghafla kioo chote kikajaa mwanamke mwenye upanga mrefu na nguo fupi. Chini yake pameandikwa: “Mfalme! Maadui wamevuka mpaka! Bofya hapa kuwafukuza!”

Mama akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akanigeukia. “Kumbe habari zimeshafika huko juu?”

Nikafunga. Likafunguka jingine. Nikafunga hilo, yakaja mawili. Barua ilikamilika hatimaye, lakini mama aliondoka akiamini kwamba serikali ina jeshi maalumu la migomba.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La mchungaji halikuwa. Alikuja na shangazi wawili wa marehemu kuprinti ratiba ya mazishi, na msiba Unyakyusani si jambo la kufanyia haraka wala mzaha. Tulikuwa tumefika kwenye kipengele cha kutoa heshima za mwisho. Spika, ambazo kwa kawaida hazitoi sauti mpaka uzipige kofi, zikapasua tarumbeta: “HONGERA! UMESHINDA! CHUKUA ZAWADI YAKO!” Shangazi mmoja akaweka khanga mdomoni. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Mchungaji akatazama dari kwa muda mrefu, kama mtu anayepeleka mashtaka ngazi ya juu.

Uchunguzi ukaanza. Ulimfikia mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekodi kompyuta ili ageuze PDF iwe Word. Alitafuta programu ya bure, akafika kwenye ukurasa wenye vitufe vitatu vya kijani vilivyoandikwa “PAKUA”. Cha kweli kilikuwa kidogo, cha kijivu, kimejificha chini kabisa. Programu aliyoipata ilikuja na ndugu zake. Wakati wa kuiweka kulikuwa na visanduku vilivyokwishawekewa tiki: badilisha ukurasa wa kwanza, badilisha mtambo wa kutafutia, ongeza kiendelezi kwenye kivinjari. Halafu ukurasa mwingine ukamwomba abonyeze “Ruhusu” kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Kijana wa watu, kwa kuwa kweli si roboti, akabonyeza. Kumbe ameruhusu matangazo yaje muda wowote yapendapo.

Na biashara hii si ya mtaani kwetu tu. Juni 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza kwamba programu iliyoitwa Fireball, iliyojificha ndani ya programu za bure na kuteka vivinjari, imeingia katika kompyuta zinazokadiriwa kufika milioni 250 duniani. Microsoft wakasema hesabu hiyo imekuzwa. Wabishane wao, hesabu ninayoijua mimi ni ya bando. Tangazo likionekana, aliyelisukuma analipwa. Picha za majumba na majoka zikishuka, MB zinazoshuka ni zangu. Nilikuwa mfalme pekee Rungwe anayelipa kodi kwa maadui zake.

Mji mzima ukanishauri. Fundi simu wa stendi alisema dawa ni moja tu: “piga window upya”, elfu ishirini. Huyo hata ukimpelekea redio atapiga window. Jirani wa duka la dawa akasema ni virusi. Tangazo lenyewe likamuunga mkono: likaniambia nina virusi 37, na kwamba lina dawa.

Aliyelipokea janga hili kwa moyo mweupe ni mzee mmoja mkulima wa chai wa upande wa Katumba, anayeniletea barua zake za chama. Siku yake tangazo lilikuwa la mchezo wa shamba: unapanda, unahesabu sekunde thelathini, unavuna. Nikanyoosha mkono nilifunge.

“Acha kwanza, mwanangu.” Akasogeza kiti. Mtu aliyeusubiri mparachichi miaka mitatu ndipo uzae hawezi kupuuza sekunde thelathini. Akabofya, akavuna, akabofya tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, jirani asisikie: “Mbegu hii wale wa utafiti wa kilimo Uyole wanayo?”

Aliyetuokoa ni mpwa wangu wa kidato cha nne, aliyekuja likizo. Hakupiga window wala kofi. Alifungua orodha ya programu, akaipanga kwa tarehe, akazing’oa zote zilizoingia siku moja na ile ya PDF. Akaingia kwenye kivinjari, akafuta kiendelezi ambacho hakuna aliyekijua, akarudisha ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafutia. Mwisho akafungua mipangilio ya arifa. Humo kulikuwa na msururu wa tovuti zilizoruhusiwa. Akazifukuza moja baada ya nyingine. Alimaliza kabla chai yake haijapoa, na Tukuyu chai hupoa haraka.

Nikatangaza kwa wateja kwamba amani imerejea. Mchungaji alipofika aliifurahia, ingawa bado huomba spika zichomolewe kabla hajaketi. Mama wa migomba aliuliza kama lile jeshi limehamishiwa wilaya nyingine.

Kisha akaja mzee wa chai. Akakaa, akasubiri, akatazama kioo cheupe.

“Shamba langu liko wapi?”

Nikamweleza kwamba lile halikuwa shamba, lilikuwa tangazo, tena la kijanja, linakula bando la watu.

“La kijanja?” akasema. “Mwanangu, shamba lile halijawahi kunikata kilo kwenye mzani. Halijawahi kuniambia malipo ni mwisho wa mwezi. Nimevuna, limesema hongera. Wewe umewahi kuambiwa hongera na nani ukiuza chai?”

Sikuwa na jibu. Akakunja barua yake, akaitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe, akaniaga kwa heshima zote: ndaga fijo, asante sana. Siku hizi anaprintia duka la kule chini. Nasikia kompyuta yao ina mashamba mengi, na mvua za huko ni za uhakika.