Arobaini ya Kifua

Kifua changu kimepasuliwa katikati na kufungwa kwa waya, na bado anayeulizwa chai iko wapi ni mimi.

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani hapa Fridley, Minnesota. Hospitali nilipewa mto mwekundu wenye umbo la moyo, wa kukumbatia nikikohoa, nikipiga chafya au nikicheka. Nikapewa na amri. Nisinyanyue kinachozidi kilo 4 na nusu. Nisisukume, nisivute, nisiendeshe gari. Nikibebwa nikae kiti cha nyuma, na hilo la kukaa kama mheshimiwa sikulipinga. Lakini pia nitembee, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, damu isigande miguuni. Ni wiki 6 au 8 hivi, hadi mfupa uunge.

Wiki 6 ni siku 42. Shangazi yangu wa Mombasa aliposikia alipiga simu hapo hapo. "Si ndiyo arobaini hiyo, mwanangu! Lala, unywe uji wa pilipili manga, usitie mguu nje." Nikamwambia nimepasuliwa moyo, sikuzaa. Akasema damu ni damu. Kwa hiyo yeye na daktari wamepatana hesabu, wanagombania kitanda.

Nje ni barafu tupu, basi natembea kwenye korido ya jengo letu, mlangoni hadi kwenye lifti na kurudi, mto kifuani, kama askari wa zamu aliyenyang'anywa bunduki. Jirani amefungua mlango mara mbili kuuliza kama nimepotea.

Nikirudi nakuta wageni. Wamevuka mto Mississippi kutoka Brooklyn Center kuja kunipa pole, na nusu yao ni wauguzi, kila mmoja na agizo lake. Huyu: "Dada, mbona umesimama?" Yule: "Mbona umekaa?" Wa tatu ana vichekesho, nami nashika mto. Giza likiingia mume wangu anachungulia: "Mama watoto, wageni watakula nini?"

Sima, bila shaka. Wa bara waite ugali. Kwenye karatasi ya amri haimo. Nilimuuliza mtaalamu wa mazoezi, hakunielewa, nikamwonyesha: mkono huu umeshika sufuria, huu unakandamiza mwiko, unageuza, unakandamiza tena. Akanikamata mkono kabla sijamaliza duru ya pili. "Kwani wewe hupiga kasia?" akauliza.

Mume amejaribu kusonga. Ukivunja donge lake, ndani unga mkavu unafuka vumbi.

Na hili eti ndilo jimbo la mioyo. Tarehe 2 Septemba 1952, Chuo Kikuu cha Minnesota, Dkt. F. John Lewis alifungua moyo wa mtoto wa kike wa miaka 5 akaziba tundu. Medtronic, waliojulikana kwa betri za kuendesha mapigo ya moyo, walianza kwenye gereji mwaka 1949, na leo wana makao ya uendeshaji hapa hapa Fridley. Mwiko wa betri hawajaufikiria.

Wageni wa Jumamosi, nawaomba: songeni huko huko Brooklyn Center, mfunge kwa foili, mje nayo ya moto. Mchuzi nitapasha mwenyewe. Huo naruhusiwa.