Sifa za Sauti Inayopishana na Midomo

Kupishana kwa sauti na picha ni hitilafu ya faili la video ambapo neno husikika kabla mdomo haujafunguka, au mdomo hufungwa neno likiwa bado njiani. Katika ukoo mzima wa hitilafu za rekodi, hii ndiyo yenye staha kuliko zote. Ukungu huharibu picha, upepo huharibu sauti, na mpiga video asiyeangalia fremu yake humkata bibi harusi kichwa. Upishano hauharibu chochote. Picha ni safi. Sauti ni safi. Kilichokosekana ni maelewano tu baina yao, na kwa sababu hiyo aliyekabidhi kazi anaweza kula kiapo, bila kusema uongo, kwamba vyote viwili vimo ndani.

Kipimo chake kinajulikana. Mwongozo wa ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa cha mawasiliano, uliotolewa mwaka 1998 unaeleza kwamba mtazamaji huanza kuhisi kasoro sauti inapotangulia kwa takriban milisekunde 45, au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Pengo hilo la uvumilivu lina asili yake. Mtu aliyesimama mita 34 kutoka kwa mpasua kuni huona shoka likitua, na mlio humfikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Sikio limezoea kuchelewa tangu dunia iumbwe. Sauti inayotangulia tendo haijapata kusikika popote katika maumbile. Imewezekana katika video za harusi, ambamo bwana harusi hukubali kabla hajaulizwa.

Fadhila ndogo ndogo za upishano zinatajwa kwa ufupi. Humfundisha mtazamaji kusoma midomo bila ada. Humpa hifadhi msanii anayechezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa, kwa kuwa hakuna tena awezaye kujua kosa ni la msanii au la faili. Aidha huuchangamsha ubongo: mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba watu wakisikizwa “ba” huku wakiangalia mdomo unaotamka “ga”, wengi husikia “da”, silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Mengi yaliyowahi kusikika katika video za mikutano pengine yamezaliwa kwa njia hiyo.

Upishano uko wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa kudumu, ambapo sauti imesogea kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Husababishwa na maikrofoni ya Bluetooth inayochelewesha sauti, au na programu iliyobandika mikondo miwili ya faili, wa picha na wa sauti, bila kuianzisha pamoja. Huu hauna makuu. Katika kichezeshi cha VLC kwenye Windows, vitufe vya J na K husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila kimoja kinapobonyezwa, na mtazamaji hupata nafuu mpaka afungue faili upya, kwa maana kichezeshi hurekebisha usikivu wake yeye, si faili.

Aina ya pili ni upishano unaokua, na hapa ndipo sifa zenyewe zinapostahili kuanza. Kamera na kinasa sauti kila kimoja hupima muda kwa fuwele yake. Fuwele mbili zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, tofauti ni milisekunde 180 kwa saa, yaani tatu kwa dakika. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya kumi bado ni siri. Ikiwa sauti ndiyo inayobaki nyuma, jicho la kawaida halishtuki mpaka dakika ya 42 hivi, na ikifika saa ya tatu pengo limevuka nusu sekunde, muda unaotosha silabi mbili tatu za Kiswahili.

Upishano huu, basi, ni mkaguzi. Wakaguzi wa kibinadamu hupokewa kwa chai, hupangiwa ziara ya mradi, huuliza walichoonyeshwa. Upishano unaokua hauna kifungu cha usafiri wala posho ya kujikimu. Hauitishi kikao cha ufunguzi. Umejiweka pale mwishoni mwa faili, umekaa kimya, na swali lake ni moja tu: nani amefika hapa? Anayeufahamu ametazama kazi yote. Asiyeufahamu ameweka saini.

Chukua warsha yoyote inayorekodiwa kwa fedha za mradi. Hotuba ya mgeni rasmi ipo mwanzoni, dakika ambazo fuwele bado zinapatana, na kwa hiyo mgeni rasmi hutoka sahihi daima, neno na mdomo pamoja. Maswali ya washiriki huja mwishoni. Mkulima aliyesafiri kutoka mbali kuja kuuliza kuhusu mbolea anasikika akiwa amefunga mdomo, kisha anaonekana akifungua mdomo wakati mwezeshaji anamjibu. Afisa aliyeagiza kazi hubonyeza, humwona mgeni rasmi, hutabasamu, hufunga, hulipa. Faili la saa tatu linaingia kwenye ripoti kama “nyenzo ya mafunzo iliyosambazwa kwa wadau”. Wadau gani? Kama mdau mmoja tu angeitazama hiyo nyenzo hadi saa ya tatu, angepiga simu. Hakuna anayepiga. Faili linakaa mtandaoni likiwa bovu, waziwazi, bila aibu, na ukimya wa walalamikaji unahesabiwa kuwa ushahidi wa ubora.

Kwa utulivu zaidi, vyanzo vingine vya upishano unaokua vinaweza kutajwa. Televisheni ya rangi ya Marekani iliamua mwaka 1953 kupunguza fremu 30 kwa sekunde kuwa 29.97, na anayechanganya viwango hivyo viwili leo hupoteza sekunde 3.6 kwa kila saa. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ikisomwa kana kwamba ni 48,000, saa nzima humalizika kwa dakika 55 na ushei, na sauti za wazungumzaji wote huwa nyembamba kidogo. Simu janja nazo hupunguza fremu mwanga unapofifia, zikiandika muda wa kila fremu kwa uaminifu. Programu ya kuhariri isiyosoma maandishi hayo huzipanga fremu kwa hatua sawa, na picha hufika mwisho kabla ya sauti.

Mwenye faili la namna hii akiomba msaada, watengenezaji wa simu humpeleka kwa watengenezaji wa programu, nao humpeleka kwa waliotengeneza simu, na katikati yupo mtu wa huduma kwa wateja anayeshauri kuzima na kuwasha. Kuzima nini? Faili halina swichi.

Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Faili huchezwa kwanza kwenye mashine nyingine, kwa spika za waya, ili kuondoa mashaka juu ya kompyuta nzito au Bluetooth. Kisha hutazamwa mwanzo na mwisho: pengo likiwa sawa, sauti husogezwa, likiwa limekua, hupimwa na kugawanywa kwa urefu wa rekodi, na sauti hunyooshwa au kufupishwa kwa uwiano huo. Programu ya MediaInfo huonyesha kama idadi ya fremu kwa sekunde inabadilikabadilika. Ikiwa hivyo, programu ya HandBrake huifanya isibadilike kabla ya kuhariri kuanza. Wakati wa kurekodi, kinasa sauti huwekwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, na kofi hupigwa mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni pia. Kofi la mwanzo peke yake huoanisha mwanzo tu.

Hatua ya mwisho ni kutazama dakika kumi za mwisho kabla ya kupokea kazi. Hati za zabuni hazijawahi kuwa na kifungu cha namna hiyo. Hutaja idadi ya nakala, aina ya flashi, rangi ya jalada, na nembo ya mfadhili ionekane mwanzoni na mwishoni. Nembo ya mwishoni, kwa kuwa haina midomo, haijapata kupishana na chochote.