Muulize Yaya Kasia: Ubao, Wimbi na Ndoa

*Yaya, bwana yangu ameleta toka Dubai ubao wa kusimama na kupiga kasia: urefu futi 12 na nusu, upana inchi 25. Umelala sebuleni, watoto wanauruka wakienda kula bukari. Anasema ni wa mawimbi. Mawimbi gani, hapa Kolwezi? — Mama wa Manika*

Pole, mama. Huo ni ubao wa mbio. Ni mrefu na mwembamba, unakata maji matulivu vizuri, ila wimbi likiusukuma kwa nyuma omo inazama na bwana anaruka. Msimwache, mpelekeni Ziwa Nzilo. Ni Mto Lualaba, uliozuiwa kwa bwawa miaka ya 1950 ili migodi ipate umeme. Mawimbi yake ni ya upepo, mafupi yenye haraka, hayana nguvu ya kumbeba mtu. Aende asubuhi, upepo haujaamka. Akianguka kila mara, kosa ni la zile inchi 25: mwanafunzi anataka inchi 32, na ujazo wa lita kama mara mbili ya kilo zake. Kama ana kilo 80, atafute lita 160. Kama ni 110 na anakuambia 80, hesabu kwa 110.

*Yaya, shaba yetu inapanda reli mpaka Lobito, na mimi shemeji ameniita huko. Ninunue ubao gani wa bahari? — Kijana wa Dilala*

Mwana, bandari ya Lobito imekingwa na ulimi wa mchanga. Humo ndani utapiga kasia kama uko Nzilo, tena kwa chumvi. Wimbi lenye sifa Angola liko Cabo Ledo, kaskazini zaidi, kusini mwa Luanda: linavunjika kuelekea kushoto, refu, lenye subira. Wimbi la hivyo linataka ubao wa futi 10 wenye omo ya mviringo, unaodakwa na maji mapema. Wimbi la ghafla linalosimama wima linataka futi 8 au chini, omo iliyopinda juu, tezi nyembamba, ili ugeuke kabla halijakufunika. Lakini ubao mdogo una lita chache: ukisimama bila kwenda, maji yanakufika miguuni. Anza na ule mkubwa, majivuno yatakuja baadaye. Na kasia la mawimbini liwe fupi kuliko la ziwani, maana utainama sana.

*Yaya, mtoni kuna wimbi lisilotembea. Naweza kulipanda? — Mtu wa Lualaba*

Wimbi la mto limekaa, maji ndiyo yanayopita. Jinja, Uganda, watu wanacheza na la namna hiyo kwenye Nile, linaitwa Nile Special. Ubao wake ni mfupi, mpana, wenye mapezi mafupi kwa sababu ya mawe. Ila sikia, ndugu: mtoni usifunge kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu. Ikinasa jiweni, mkondo unakulaza chini na mkono haufiki. Ivae kiunoni, yenye kifungo cha kufyatua kwa mvuto mmoja. Na chini ya bwawa la umeme usiingie kabisa, maana anayefungulia maji hakuoni.

*Yaya, Nzilo ni mbali. Hapa Kingamyambo, wakati wa mvua, maji yanatuama karibu na mabaki ya mgodi. Hakuna mamba wala kiboko. Ubao gani unafaa? — Jirani*

Hakuna mamba kwa sababu mamba ana akili. Yale ni mabaki ya kuosha madini, tope lililomwagwa miaka na miaka, ambalo siku hizi linachimbwa tena kutafuta shaba na kobalti iliyobakia. Maji yake hayana ubao, wa futi 8 wala wa 12. Ukiona maji ambayo hakuna mvuvi hata mmoja aliyetia mtumbwi, uliza sababu kabla ya kuuliza bei ya ubao.