Nani Kaondoa Bahari?

Katika ukoo wa mhasibu mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mtu husafiri kwa sababu nne: msiba, harusi, matibabu au uhamisho wa kazi. Alipotangaza kwamba anakwenda Mbeya wiki nzima, na kwamba huko hakuna aliyefariki wala anayeoa, shangazi yake alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ameachika. Akajibiwa kuwa hapana, ni Ziwa Ngozi tu, lile lililo ndani ya kasoko ya volkano kule Rungwe. Shangazi alikata simu, akampigia mama mtu.

Tangu hapo ukoo umemzoea kwa namna yake. Siku hizi akiaga haulizwi anafuata nini, hutumiwa orodha. Kigoma, dagaa na mawese. Kyela, mchele. Muheza, machungwa. Unguja, halua na karafuu. Fedha hazitumwi pamoja na orodha, kwa kuwa "tutahesabiana ukirudi". Aliporudi kutoka Kigoma na furushi la dagaa chini ya kiti cha basi, abiria wa pembeni yake alifungua dirisha mapema na hakulifunga tena mpaka Morogoro, mvua ikinyesha.

Kazini anaheshimika zaidi. Desemba ikikaribia, wenzake humfuata mezani na maswali mawili: nauli kiasi gani, na hoteli ipi nzuri. Huyaweka yote mawili kando akauliza lake: mnakwenda lini? Wapo wanaodhani ni maringo ya mzoefu. Lakini ukivikusanya visanga vyake vyote, utaona karibu kila kimoja kilimkuta mahali pazuri kabisa, ila kwa saa, siku au mwezi usiofaa.

Kuna ile asubuhi ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Aliingia usiku, akalala akiyasikia mawimbi, akaamka na kujipanga sawasawa: kanga mpya, miwani ya jua, mafuta ya ngozi. Akafungua mlango wa baraza, na bahari haikuwepo. Mbele yake palikuwa na uwanda wa mchanga usio na mwisho, ngalawa zimelala ubavu, na kwa mbali kina mama wameinama wakihudumia mashamba ya mwani. Alimwendea mzee aliyekuwa akiziba nyufa za chombo chake, akamwamkia, kisha akauliza kwa adabu kama kuna jambo limetokea.

"Bamvua hili, mwanangu," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Bahari haijenda pahala. Rudi alasiri."

Mzee hakuongeza neno, na kwa watu wa pwani halikuhitajika. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha ratiba nzima husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua, na Unguja maji hupanda na kushuka kwa kimo kinachokaribia mita nne. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayana makeke. Paje, Bwejuu na Jambiani zina mwamba wa matumbawe unaokinga uwanda wenye kina kifupi, kwa hiyo maji yakitoka hutoka kweli, pengine zaidi ya kilomita moja. Uwanda huohuo ndio uliofaa kwa kilimo cha mwani kilichoanza huko mwaka 1989. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako bahari haina tabia ya kutoweka.

Mhasibu hakuisubiri alasiri. Aliifuata bahari hukohuko ilikokwenda, akaikuta, akasimama ndani yake maji yakimfika magotini na kupiga picha moja. Kisha maji yakageuka. Yalirudi taratibu, bila fujo, yakampita njiani, na yakafika ufukweni kabla yake. Viatu alivyoviacha mchangani vilianza safari yao wenyewe kuelekea Pemba.

Kurudi Dar kulikuwa na somo jingine. Ilikuwa Julai. Muda mfupi kabla ya boti kung'oa nanga alikuwa Mji Mkongwe, amekaa na bakuli la urojo, na kwa kuwa ulikuwa mtamu akaongeza la pili. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili, na Juni hadi Agosti ndipo hukaza. Ukienda Unguja kutoka Dar, upepo huu hukusukuma mgongoni. Ukirudi, hukukabili usoni kwa muda wa saa mbili hivi. Mhudumu alipopita akigawa mifuko ya kutapikia, mhasibu aliikataa kwa tabasamu la mtu anayejiamini. Alipopita mara ya pili, mhasibu alichukua mitatu.

Manahodha wa majahazi walipanga maisha yao kwa pepo hizi. Kaskazi iliwaleta kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha makwao, na Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alisafiri kwa utaratibu huohuo. Mhasibu alikuwa amepanga safari yake kwa likizo ya shule. Ushauri wake kwa wanaolazimika kuvuka miezi hiyo ni mfupi: kaa sehemu ya chini, karibu na katikati ya chombo, tazama upeo wa bahari badala ya simu, na urojo ule ukishafika.

Bara nako kuna majira yake. Mwaka mmoja yeye na kikundi cha marafiki walichanga fedha kupitia WhatsApp kwenda kuona kreta ya Ngorongoro, eneo lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Ili kubana matumizi walikodi Noah kutoka Arusha. Noah ilipanda vizuri mpaka ukingoni, ikaegeshwa, na safari yake ikaishia hapo, kwani hairuhusiwi kushuka kreta kwa gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Chini yao, umbali wa mita 600 hivi, tembo walikuwa wakitembea, wakubwa kama punje za mtama. Mmoja wa marafiki hao alikuwa amesahau kitambulisho cha taifa Dar, na lafudhi yake safi ya Kichaga haikupokelewa getini kuwa ushahidi wa uraia. Akatakiwa kulipa ada ya mgeni. Wengine walikuwa tayari kumchangia. Yeye alikuwa tayari kuimba wimbo wa taifa.

Hawakujiandaa kwa baridi. Ukingo wa kreta uko yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na walikuwa wamekwenda Julai na mavazi ya Kariakoo. Mhasibu alilala amevaa kila kilichokuwemo begini, pamoja na taulo. Alfajiri, dereva wa Noah, mwenyeji wa Karatu, alitokea na koti zito, kofia ya sufu na chupa ya chai. Aliwaangalia vijana wa mjini wakitetemeka ndani ya kanga, akasema kwa huruma, "Poleni, wageni." Neno hilo liliwauma zaidi ya baridi.

Lakini kwa kukosea wakati, hakuna safari iliyoishinda ya Kigali.

Ilianza vibaya pale Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya ikafuata 2017 na Tanzania 2019, lakini begi la mhasibu lilikuwa na rambo moja ya zamani iliyobeba ndala. Ikachukuliwa. Akaingia nchi ya watu ndala zikiwa mkononi. Ng'ambo ya daraja magari huhamia upande wa kulia wa barabara, na miguu ya mtu aliyekulia Dar hailijui hilo. Kigali alitazama kulia, akaona kweupe, akakanyaga lami, na pikipiki iliyotokea kushoto ikafunga breki mbele ya magoti yake. Dereva alivua kofia ngumu, akamsalimu kwa Kiswahili na kumwomba radhi, jambo lililomwaibisha kuliko kama angetukanwa.

Asubuhi yake ya kwanza alishuka kwenda kunywa chai akamkuta mlinzi bado anasinzia na jiko limepoa. Saa yake ya mkononi ilikuwa bado inasoma ya Dar, nayo Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Alisubiri. Chai ikaja. Akavaa tayari kwa soko la Kimironko, akatoka nje, na mji ulikuwa kimya: maduka yamefungwa, barabara nyeupe, hakuna daladala wala pikipiki. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambayo wananchi hufanya kazi za pamoja kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Alirudi mapokezi kulalamika kwamba ana siku chache tu. Mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia stoo, akatoka na majembe mawili. "Karibu, mama," akasema, akimkabidhi lile lenye mpini mfupi.

Walizibua mtaro. Picha ambayo bado anaionyesha kazini haina sokwe wala volkano. Ina mhasibu wa Tabata akiwa na tope mpaka viwikoni, kazungukwa na majirani asiowajua, wote wanacheka. Soko alilifikia mchana, na hakukosa kitu.

Mwaka 2024 ulimletea tatizo asilolitarajia: usafiri wenye ratiba. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni, na kufikia Julai ikawa inafika Dodoma. Yeye ni mtoto wa mabasi. Amekulia kwenye "linaondoka sasa hivi" ambayo hukaa saa nzima, kwenye makondakta wanaokuita kwa jina usilowahi kuwa nalo, na kwenye kusimama porini kuchimba dawa. Siku ya kwanza alikadiria ucheleweshaji wa kawaida, akamaliza chai yake bila haraka, akafika stesheni na kukuta jukwaa tupu. Treni ilikuwa imeondoka kwa dakika yake. Sasa ndiyo anayoipenda kuliko usafiri wote, na mapendekezo yake kwa wenye wikiendi moja huanzia hapo: treni ya asubuhi hadi Morogoro, kisha gari hadi Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa 1964 na inayokatwa katikati na barabara kuu ya Iringa. Hata asiye na fedha za kuingia getini anaweza kumwona twiga kupitia dirisha la basi. Mwenye siku ya ziada aende Udzungwa akaone maporomoko ya Sanje, yanayoanguka kwa mita 170 hivi.

Mipango yake ijayo iko ukutani, karibu na friji. Kwanza ni Kitulo, uwanda wa juu unaoitwa Bustani ya Mungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, ambayo ndiyo miezi ya mvua huko, kwa hiyo mtu anachagua: maua na tope, au barabara kavu na majani matupu. Amechagua tope, na ameshanunua mabuti. Baada ya hapo ni Mafia, kuogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye kwa bahati njema hula viumbe vidogo vya majini na hana hamu na wahasibu. Papa potwe huonekana zaidi karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Februari. Shangazi ameshapata habari. Ameagiza pweza mkavu.

Kwa hiyo wewe unayepanga likizo, weka orodha ya hoteli pembeni kwanza. Kama ni pwani, uliza mwezi utakuwa mwandamo au mpevu na upepo upi utakuwa unavuma. Kama ni milimani, uliza baridi na mvua. Kama unavuka mpaka, uliza saa yao, siku zao za mapumziko na upande wa barabara. Kitambulisho kitie begini kabla ya nguo. Na kama ni Mafia, piga simu bandarini Nyamisati kabla hujalipia chumba, kwa sababu vyombo vya kwenda Kilindoni hutazama maji yamejaa au yamepwa, na havitazami umelipia siku ngapi.