Ngoma ya "Can" na "Can't"

Ukitaka kumjua aliyejaaliwa subira, mtafute mwalimu wa Kiingereza cha wanaoanza huku Nungwi, baada ya magharibi. Darasa langu ni la manahodha, wapishi na mapapasi wa ufukweni. Mchana kutwa wako na wageni. Jioni wanaingia wamechoka, wananuka chumvi, na wanachotaka ni sarufi tu. "Matamshi ya nini, ticha? Wewe tuandikie ubaoni, sie tunakili."

Kiswahili kimetudekeza. Mkazo wake tunajua unapolala: silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiingereza unahamahama kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Kwenye "photograph" uko mwanzo. Sema "photographer", umeshahamia silabi ya pili. Sema "photographic", uko ya tatu.

Sarufi bila matamshi ilimponza nahodha wetu mmoja. "Can" anaijua vilivyo: inatangulia kitenzi, haitaki "s" hata kwa "he" na "she". Mazoezi yote kapata. Siku moja, safari ya Mnemba, mgeni akamwuliza kama anajua kuogelea. Akajibu kwa fahari, kila neno kalikanyaga sawasawa: "I CAN swim!" Kumbe wenyewe "can" ya kukubali huimeza, isisikike ila "kn", wanayoikaza ni "can't". Wageni wakasikia nahodha hajui kuogelea. Boti haijatoka kwenye maji ya magoti, wote wameshavaa jaketi okozi, na mama mmoja kalikumbatia dumu tupu la mafuta.

Ndiyo maana sasa kila kanuni ya sarufi naifundisha na sauti yake, siku hiyo hiyo. Wakati uliopita hauishii kwenye "-ed" ya ubaoni: "worked" mwisho wake ni t, "played" ni d, na silabi ya ziada ni ya vitenzi vyenye t au d mwishoni, kama "wanted". Mpishi wetu bado "kukedi" samaki na "woshedi" vyombo, lakini anakuja. Mkazo nao tunaupiga mezani: neno zito kofi, neno jepesi kidole. Juzi mzee jirani akabisha hodi kuuliza hii ngoma ni ya harusi ya nani, na mbona yeye hakualikwa.

Darasa limekolea, isipokuwa kwa papasi mmoja muuza vikoi. Tulipofika kwenye "thirteen" na "thirty", nikaeleza: kumi na tatu ikazeni mwishoni, mkiikaza mwanzoni, mgeni anasikia thelathini. Akainua mkono taratibu.

"Ticha, mimi kikoi nakiuza dola kumi na tatu, na wageni wananipa thelathini. Nilidhani ni ukarimu wao. Hebu mada hii tuiruke, turudi kwenye sarufi."