Nitangazeni Mpaka

Kwa Waheshimiwa Walinzi wa Mpaka Wetu na Somalia,

KUH: OMBI LA KUTANGAZWA RASMI KUWA MPAKA

Naandika kando ya barabara, nikiwa nimeteremshwa basini mara ya sita tangu tuondoke Mandera jana, na Nairobi bado. Kipande changu anacho askari. Anakisugua kwa kidole gumba aone kama Ukenya utabanduka.

Mpaka una kilomita zipatazo 700. Mwaka 2015 mlianza kuujengea ukuta. Ukuta ukageuka ua wa waya, na Machi 2019, wabunge waliposimamisha kazi, shilingi bilioni 3.4 zilikuwa zimezaa kilomita kama 10. Ngamia wetu wanauheshimu sana: hutembea hadi unapoishia, wakapinda kona.

Waya ulipogoma kusonga, mpaka mliutafutia makao mengine, nami nimeyagundua: ni mimi. El Wak upo, Wajir upo, Garissa penye daraja la Tana upo, hata Eastleigh nikienda kununua viatu ninao. Basi naomba nichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.

Vifaa si vingi. Bendera ipandishwe begani mwangu alfajiri, ishushwe magharibi. Boriti ya rangi nyekundu na nyeupe nitaifunga kiunoni; mke wangu akitaka kupita kwenda jikoni atajaza fomu kwanza, nakala mbili. Muhuri wa KUINGIA utakaa mkono wa kulia, wa KUTOKA wa kushoto, na wajukuu wakija kunipa shikamoo nitawagonga kwenye paji la uso. Gharama? Kwa bei yenu, mita moja ni shilingi 340,000. Mimi nina mita 1.7, kwa hiyo nawadai 578,000 tu. Waya msilete. Miiba ninayo.

Mengine ni madogo. Tochi isilenge macho. Na anayeniuliza jina la babu avumilie nimalize. Sisi Wasomali huhesabu hadi babu wa kumi, ilhali askari huchoka kwa wa tatu.

Lori la sukari limetupita sasa hivi. Limepungiwa mkono. Halikuulizwa babu yake. Novemba 2014 abiria 28 wa basi kama hili waliuawa wakitoka Mandera, wengi wao walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Waliowaua hawajawahi kupanga foleni hii hata siku moja! Ninayeipanga ni mimi, mlipa kodi, mwenye kipande chenu wenyewe, na mnanigeuzageuza kama mbuzi wa mnadani, meno nje!

Niwieni radhi, Waheshimiwa. Ni ile tochi.

Wenu mtiifu,
Mpaka (mita 1.7)
Foleni ya wanaume

N.B. Basi limeanza kunguruma. Majibu yapelekwe kizuizi cha saba.