Mimi Boneti, Yeye Buti

Mwanaume akifika yadi ya magari hufungua boneti. Hata kama hajui tofauti ya plagi na pilipili hoho, ataifungua, atainama, atakunja uso, atagusa mfuniko wa kitu fulani, kisha atasema, "Mmh." Hiyo "mmh" ndiyo shahada yetu. Nami niliitoa Jumamosi moja mbele ya dalali, jua la Dar likinipiga utosini, macho yangu yameganda kwenye turbo. Nilipoinua kichwa kumtafuta mke wangu, nikamkuta yuko nyuma ya gari. Amefungua buti, na shingoni ana futi ya fundi cherehani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba tumekuja kununua magari mawili tofauti, ila kwa bahati mbaya yameungwa pamoja.

Nianze mwanzo. Kigari chetu cha zamani kilitosha siku tulipokuwa wawili. Akaja Zawadi, kikatosha kwa kubanana. Akaja Baraka, kikatosha kwa kugombana. Akaja dada wa kazi, na sasa wa tatu yuko njiani, na mama watoto hawezi tena kujikunja kama khanga ndani ya begi. Siku moja tumetoka sokoni, Baraka amepakata tikiti maji, Zawadi amempakata Baraka, mama Zawadi akanigeukia akasema, "Baba Zawadi, nyumbani kwetu hata kuku wana nafasi kuliko sisi."

Dawa aliyoitaka yeye ni Noah. Jamani, sina ugomvi na Noah. Ni gari la heshima, linabeba watu wanane, milango inateleza ubavuni. Lakini mimi nina miaka 38. Nikipaki Noah kituoni kumsubiri mtu, abiria watapanda. Nimeona kwa macho yangu jirani yangu akisimama kununua vocha, na aliporudi kwenye siti akakuta mama mmoja ameshakaa nyuma na ndoo yake ya dagaa, anamuuliza, "Konda wako yuko wapi?"

Ndipo nikaja na hoja yangu ya stesheni wagoni yenye turbo. Mbele mchezaji, nyuma mchukuzi. Niliipanga hoja hiyo wiki nzima, nikaiwasilisha usiku baada ya chakula. Nikamwambia kwamba mwaka 1994 Volvo walipeleka gari lao la 850, lile lenye buti refu kama kabati, kwenye mashindano makubwa ya magari Uingereza, BTCC. Gari la familia, likakimbizana na magari ya mbio! Mara moja, kwenye mzunguko wa maonyesho, wakaweka na mwanasesere wa mbwa mkubwa kule nyuma, kuwacheka waliokuwa wakiwacheka.

Mama Zawadi akaacha kukunja nguo. "Lilishinda?"

Kuna maswali mtu haulizwi usiku. Ukweli ni kwamba halikushinda hata mbio moja. Mwaka uliofuata wakarudi na saluni, ndipo wakaanza kushinda. Nikasema, "Halikushinda, lakini liliheshimiwa."

"Kama wewe," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake nikaja na Subaru Legacy. Nikamweleza kwamba injini yake ya turbo imelala kifudifudi, pistoni zinapigana ngumi kulia na kushoto, na kwamba wajanja waliiweka sisi 1,994, chini kidogo ya mstari wa 2,000 ambako ushuru unapanda.

"Sisi ngapi?"

"Sisi elfu moja mia tisa tisini na nne."

"Na sisi tuko sita. Tutakaa wapi?"

Nikahama chama. Nikaleta Toyota Caldina GT-Four, ile ya kuanzia mwaka 2002, farasi 260. Hapa nilijua nimemkamata, maana injini yake ni ya ukoo wa Celica iliyotawala Safari Rally kule Kenya mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Gari limepita kwenye tope la Kenya, litashindwa na barabara ya kwetu Goba? Akaniuliza lile la Kenya lilikuwa limeinuliwa juu kiasi gani, na hili bampa lake liko wapi. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akatazama dirishani kwenye barabara ya mtaani kwetu, pale ambapo mvua imechimba shimo lenye jina lake na wenyeji wake, akarudi kwenye picha. Hakusema neno. Mwanamke akinyamaza hivyo, bampa limeshang'oka.

Mwishowe tukakubaliana twende tukaone kwa macho. Yadi ya kwanza dalali akatupokea kama mashemeji. "Bosi wangu, hii chuma sikufichi. Ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, anaendea kanisani tu." Dashibodi ilisema kilometa 68,000. Lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinang'aa, na usukani ulikuwa na upara upande wa kulia. Nikajiuliza hilo kanisa lake liko Kigoma? Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye alama, ambayo gari likiwa limewahi kugongwa na kutengenezwa huandikwa herufi R. Dalali akasema karatasi ilisahaulika melini. Hiyo meli, kwa karatasi zilizosahaulika humo, sasa ni maktaba.

Nikafikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japani, nikafungua kikokotoo cha TRA kwenye simu. Humo nikajifunza kwamba gari likipita miaka minane tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu. Yaani linatozwa kwa kuzeeka. Nikafunga simu kabla hawajaniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa.

Yadi ya tatu ndiyo ile ya futi. Safari hii nilikwenda na fundi wangu, mtu wa maneno machache na oili nyingi. Alilala chini, akasikiliza injini kwa bisibisi iliyoshikizwa sikioni, akafungua mfuniko wa oili akaunusa kama mchuzi. Akaniambia, "Mzee, turbo siyo ugonjwa, ni tabia. Inataka oili safi kwa wakati. Inataka mafuta mazuri, kwao Japani imezoea petroli ya oktani 100. Na ukitoka safari usizime ghafla, iache ipumue dakika moja."

"Ipumue?" Mama Zawadi akatokeza kichwa kutoka kwenye buti. "Mimi nikitoka kazini nani ananiacha nipumue?"

Kisha akasoma vipimo vyake. Ndoo mbili za maji za lita 20 zinaingia zikiwa wima. Beseni la kuogeshea mtoto linaingia. Gunia la mkaa linaingia likilala, siti moja ikikunjwa. Akawakalisha Zawadi, Baraka na dada kiti cha nyuma, akawapima mabega kama anawashonea sare. Wa tatu, akasema, atapakatwa mpaka tutakapoona. Nikamkumbusha kwamba mtoto mchanga hukaa kwenye kiti chake maalumu, siyo mapajani. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo kama mtu aliyesema jambo la maana. "Basi dada atapanda bajaji," akasema, na gari likanunuliwa.

Gari gani? Silitaji. Magari ya umri huu ukiyasifia kwa jina yanasikia, kesho yake yanazima kwenye mataa ya Mwenge. Itoshe kusema lina buti refu, lina turbo, na lina rimu ambazo vijana wa mtaani walizishika siku ya kwanza kama mtu anavyoshika mtoto wa jirani: kwa wivu na kwa kupima uzito.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaotamani. Turbo inaanza kupuliza injini ikishakolea. Kutoka Goba hadi Posta haijawahi kukolea. Saa 12 asubuhi niko kwenye foleni, mbele yangu lori la mchanga, kulia bajaji, kushoto bajaji, na katikati bajaji inayotafuta njia kati ya bajaji. Farasi wote hao nimewalipia, nao wanatembea kwa mguu. Kinachokimbia ndani ya gari langu ni mshale wa mafuta peke yake, nao unakimbilia kushoto.

Nikaiweka tamaa yangu yote kwenye safari ya Muheza, kwa mama mkwe. Barabara ndefu, lami, Chalinze hadi Segera. Tulipofika salama mama mkwe akatoka na upawa mkononi, akaitikia shikamoo yangu huku akilizunguka gari. Boneti hakuitazama. Akafika nyuma, akaona buti, akashusha pumzi kama mtu aliyeomba miaka mingi.

"Baba Zawadi," akasema, "sasa umenunua gari."

Kesho yake tukaondoka na magunia mawili ya machungwa, mkungu wa ndizi, kuku wawili na beberu mmoja wa kumkaribisha mgeni anayetarajiwa. Volvo waliweka mwanasesere wa mbwa. Mimi nimepewa mbuzi hai, aliyefungwa miguu, akinipumulia kisogoni.

Mbele ya Segera barabara ikafunguka. Hakuna lori, hakuna tuta. Nikakanyaga. Jamani, ikapuliza! Ule mluzi mwembamba, mgongo ukabandikwa kwenye siti, machungwa yakahamia nyuma kwa pamoja kama wapiga kura, beberu akalia. Zilikuwa sekunde nane za ujana wangu. Ya tisa nilimwona askari amesimama chini ya mwembe, na mbele yake kibao cha 50.

Nilikuwa nimepigwa tochi: 71. Shilingi 30,000. Askari mwenyewe alikuwa mpole, kijana wa adabu. Akaandika, akainama dirishani, akamtazama beberu, naye beberu akamtazama. Kisha akaniuliza kwa masikitiko ya kweli, "Mzee, na gari la mizigo unakimbia hivi?"

La mizigo. Faini nililipa siku ileile. Neno hilo bado nadaiwa.

Wiki iliyopita nililipeleka kwa fundi. Mluzi wa turbo umebadilika kidogo, unahitaji kuangaliwa. Na zile shoki zinazoinua mlango wa buti zimechoka. Machungwa si mchezo. Sasa mtu akifungua lazima mwingine aushikilie kwa kichwa, na kichwa hicho ni changu. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza, "Mzee, hela uliyo nayo inatosha kimoja. Tuanze na kipi?"

Nilifungua mdomo kusema turbo. Nikakumbuka kesho ni siku ya mkaa, na keshokutwa ni kliniki ya mama Zawadi, lile beseni litakwenda kupimwa tena na mama mwenzake anayetaka kununua kama lile.

"Anza na buti," nikasema.

Fundi akainua uso akanitazama. Akasema, "Mmh."